Nimerudishwa treki ya mbio kwa kelele za pikipiki, desibeli 107.5 wakati kikomo ni 105, nianzie wapi?

PistoniNne
Wakuu habari zenu. Jumamosi nimerudishwa getini kama mtoto hajalipa ada. Nina pikipiki ya cc 600 ya silinda nne, imefungwa ekzosi ya mbio niliyonunua mkononi kwa mtu na akaniapia kabisa kwamba haina kelele. Nikafika kwenye kipimo, jamaa kaweka maikrofoni huko nyuma akasema piga resi ushikilie RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 6,500, kifaa kikasoma 107.5. Kikomo chao 105 pikipiki ikiwa imesimama, alafu kuna kingine cha 92 ukiwa unapita kwenye treki. Tukarudia, 107.3. Nikaambiwa pakia.

Kinachoniuma ni kwamba ni desibeli mbili na nusu tu, yaani ukipiga hesabu ni kama asilimia mbili ya 105, mtu si angefumba jicho tu jamani. Sailensa ya kiwandani ninayo ila nzito kama jiwe la kusagia. Kile kizibo chenye tundu dogo cha kuchomeka mwishoni sikupewa. Nataka kurudi baada ya wiki tatu, nisaidieni.

GiaYaSita
Umejijibu mwenyewe mkuu. Funga ya kiwandani, endesha, rudi nyumbani. Angalia kwenye fremu kuna kibao au stika wameandika desibeli na RPM walizopimia pikipiki ikiwa imesimama, utakuta iko chini ya 105 kwa mbali tu. Hizo kilo unazozikimbia hata hutazisikia kama unaenda kujifunza na hushindani na mtu.

FundiKimya
GiaYaSita yuko sahihi ila najua hutamsikiliza hahaha, kwa hiyo twende na hiyo uliyonayo.

Kwanza toa kichwani hiyo habari ya asilimia. Desibeli haziendi hivyo. Kila ukipanda desibeli 3 nguvu ya sauti imekuwa mara mbili, kwa hiyo wewe kushuka 2.5 ni kupunguza karibu nusu ya nguvu ya sauti inayotoka kwenye huo mdomo. Sio ya kufumba jicho hiyo. Lakini inawezekana, na mimi nadhani najua ilikoenda hiyo nusu.

Igonge sailensa ikiwa ya baridi, kwa kifundo cha kidole, mwanzo hadi mwisho. Ikilia kama sufuria tupu basi pamba ya ndani imeisha. Hizi za mbio ndani hamna maajabu, ni mrija wenye matundu umezungushiwa pamba ya fiberglasi alafu ganda la nje. Moshi unapita katikati, sauti inaingia kwenye matundu inafia kwenye pamba. Pamba inaungua na kupulizwa kidogo kidogo, kwa hiyo kelele inapanda taratibu na mwenye pikipiki hajui maana anaisikia kila siku. Huyo aliyekuuzia inawezekana hata hakudanganya.

Kufungua: kabla ya yote chora mstari kwa kalamu kwenye kifuniko na ganda ili urudishe vilevile. Toboa ribiti za upande mmoja tu, na drili ya saizi ya ribiti yenyewe, ikianza kuzunguka na drili ishike na praizi. Vaa glavu na barakoa, ile pamba kuukuu ni vumbi tupu na inawasha mpaka kesho yake. Mrija usugue kwa brashi ya waya mpaka matundu yote yaonekane, maana masizi yakiyaziba hata ukiweka pamba mpya sauti haiifikii. Alafu hapa ndo watu wengi wanaruka: zungusha kwanza tabaka jembamba la steliwuli (nyuzi laini za chuma) kwenye mrija, ndo ufuate na pamba. Ile steliwuli inapokea moto na msukumo wa kwanza, pamba inadumu. Funga na tepu ya karatasi iteleze vizuri kuingia, tepu itaungua yenyewe, itatoa moshi dakika chache za mwanzo usishtuke. Usishindilie kama unajaza godoro, ikikaza sana hainyonyi sauti na ikilegea inapulizwa yote nje. Ukikamata ganda ukatikisa, kitu kisicheze ndani, basi inatosha. Kifuniko kipake silikoni ya joto kali, ribiti weka za stenlesi.

PistoniNne
Nimegonga. Sufuria tupu kaka 😂 Nikimaliza naweza kupima na simu? Na kizibo je nikikipata, si kitanila nguvu?

FundiKimya
Simu kwa namba yenyewe usiiamini, sauti kubwa hivyo maiki yake inazidiwa. Ila kulinganisha kabla na baada inasaidia, mradi kila kitu kiwe kilekile: nusu mita kutoka mdomoni, pembe ya digrii 45, kimo sawa na mdomo wa ekzosi, RPM ileile, na usikae karibu na ukuta maana sauti itagonga irudi. Hiyo 6,500 waliyokupa ni nusu ya mizunguko ambayo injini yako inatoa nguvu ya juu kabisa, nyingi za 600 ni kwenye 13,000 hapo.

Kizibo kitakula kidogo kule juu kabisa, na kama mafuta yalisetiwa kwa ekzosi iliyo wazi basi na uchanganyaji wa hewa na mafuta utabadilika kiasi. Lakini ukiwa getini nguvu yako ni sifuri, chagua.

DadaResi
Kaka zangu mnaongelea pamba tu, na viungio je? Washa ikiwa ya baridi, vaa glavu, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa nusu sekunde tu, ukisikia tss tss tss pale bomba linapoungana na sailensa hapo panavuja. Springi zikilegea au gasketi ikiungua sauti inatoka kabla hata haijafika kwenye hiyo pamba yenu mpya. Mimi nilibadilisha pamba nikashuka desibeli moja tu, nikaziba uvujaji nikashuka nyingine karibu mbili, nikajiona mjinga.

Na kizibo ukikipata usikiamini kwa skrubu moja, mtikisiko unailegeza. Toboa tundu ufunge na waya. Kuna mwenzetu chake kilitoka kwenye mnyoofu (ile sehemu ya treki isiyo na kona) kikabaki katikati ya treki kimeiva kama kaa la moto, kila mtu akasimamishwa mpaka kiondolewe, na yeye siku yake ikaishia hapo.

Lakini mimi ningekuwa wewe ningeiogopa ile 92 kuliko 105. Ile ya kusimama unapimwa ekzosi kwa RPM za kati. Ile ya kupita wanasikia kila kitu, umefungua mafuta yote, na mngurumo wa hewa inayovutwa kwenye boksi la filta upo. Pamba haigusi huo. Uliza maikrofoni iko wapi na upande gani wa treki, ukifika hapo panda gia moja mapema au achia mafuta kidogo. Kuna wanaofunga na kimdomo kilichopinda kinachogeuza sauti upande wa pili wa maiki, inasaidia kiasi, sio miujiza.

GiaYaSita
Au ufunge ya kiwandani 😂

PistoniNne
Mrejesho wakuu. Nilipofungua pamba ilikuwa imebaki kiganja kimoja tu, imejikusanya kule mwisho imekuwa nyeusi ngumu kama gome la mti, kwingine mrija mtupu. Matundu karibu theluthi yameziba masizi. Nimefanya kama alivyosema FundiKimya, na DadaResi springi moja ilikuwa haipo kabisa, haipo! nimeweka na gasketi mpya. Kipimo cha getini 103.9. Yule jamaa akarudia kama haamini.

Kizibo sikufunga. Nikaingia, awamu mbili safi, ya tatu nikapata ubavu nikamfuata mtu mwenye 1000 kwenye mnyoofu nimefungua yote, raundi iliyofuata naona bendera nyeusi na namba yangu, yaani natakiwa nitoke treki. 92.8.

DadaResi
Nilisema mimi. Wapi hapo, kabla ya kona au ukitoka?

PistoniNne
Nikitoka, gia ya tatu, kama RPM 12,000 hivi. Wamenipa onyo moja. Awamu ya mwisho nikapita hapo na gia ya nne, inavuta kama imechoka lakini ikasoma 90 na kitu, na muda wa raundi haukubadilika sana, jambo ambalo limeniuma kuliko hiyo bendera.