Kupachika ramani kongwe za mji wa Zanzibar na mipango isiyojengwa

mwanaramani: Wadau, salaam. Nina skani za ramani ya mji ya 1892, mpango wa Lanchester (1923), wa Kendall (1958) na wa Wajerumani Mashariki (1968). Nazipachika QGIS (programu ya ramani), yaani nazikalisha mahali pake halisi kwa kuoanisha pointi zinazojulikana, nione Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ilivyokua na kipi kilibaki karatasini. Ya 1892 inakaa sawasawa Mji Mkongwe, ila ukivuka Darajani inapinda. Tatizo liko wapi?

pima_kwanza: Bila shaka pointi zote umeziweka Mji Mkongwe. Weka nyingine Ng'ambo, hata kama ni misikiti tu, ila hakikisha msikiti haujahamishwa ulipojengwa upya. Ukingo wa hori lililotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo usiuguse: lilifukiwa kidogo kidogo, leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa na viwanja vyake. Forodhani vilevile.

Mtego mwingine ni mnara wa Beit el Ajaib. Ule wa 1892 ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukaangushwa na mizinga ya Waingereza 1896. Mwingine ulikuja baadaye, kwenye jumba lenyewe. Minara Miwili (kanisa la Wakatoliki) nayo ilikuwa haijajengwa. Shika pembe za Ngome Kongwe na Kanisa la Mkunazini.

hori_la_zamani: Na kwenye njia za kunyoosha ramani, usikimbilie "Thin Plate Spline". Inapitisha ramani kwenye kila pointi, hata iliyokosewa, halafu inakuonyesha kosa sifuri! Tumia "Polynomial 1" na pointi nane au zaidi. Hata karatasi iliyosinyaa kwa mwelekeo mmoja, urefu au upana, inaimudu. Kwa skeli ya 1:2,500, milimita moja ni mita 2.5, kwa hiyo pointi iliyotoka mita 15 ichunguze.

Ukiona kila kitu kimehama takriban mita 300, hiyo ni Arc 1960 (mfumo wa zamani wa majira ya ramani, namba EPSG 21037) iliyosomwa kama WGS 84 (mfumo wa GPS, namba 32737).

pima_kwanza: Mipango ina kanuni yake: usipachike kwa barabara zilizopendekezwa. Tafuta mistari myembamba ya ramani ya msingi iliyo chini ya mchoro, pointi zitoke huko. Kisha chora matabaka matatu: kilichokuwepo, kilichopangwa, kilichojengwa. Mpango wa 1968 uligusa eneo kubwa la Ng'ambo; majumba ya Michenzani ni sehemu tu.

Mwaka wa kupima na wa kuchapa uwe na safu mbili tofauti. Ramani nyingi zilichapwa upya kwa vipimo vya zamani, na mtaa mzima utauona umechelewa kuzaliwa.