Naomba ushauri: dawa ya kolesteroli kwa mama anayenyonyesha, Bukavu

Wafamasia na madaktari wa Bukavu, naomba ushauri. Mama ananyonyesha mtoto wa miezi 3. LDL yake (kolesteroli mbaya) ni 210 mg/dL, ya kurithi, moyo haujamsumbua. Ameandikiwa atorvastatini miligramu 20. Statini (kundi la dawa lenye atorvastatini) hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, na mtoto anaihitaji kwa ubongo wake, ndiyo maana kwa kawaida husimamishwa mpaka aache ziwa. Dawa mbadala, kolestiramini, haiingii damuni, basi haifiki kwenye maziwa. Lakini hufunga choo (na vibaya!), hupunguza vitamini A, D, E na K, na dawa nyingine zimezwe saa 1 kabla au saa 4 hadi 6 baadaye. Pakiti za gramu 4 zinapatikana wapi hapa? Au asubiri tu, apunguze mawese, aendelee kula sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu)?