Mafundi, acheni kung'oa themostati halafu mtuuzie sensa!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kuna tabia kwenye gereji zetu inayotumalizia hela za mafuta kila siku, na kwa sababu imezoeleka inaitwa ufundi. Gari likichemsha, fundi anang'oa themostati (ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), anafunga kava, anakwambia "nchi yetu ina joto, hiki kidude ni cha nchi za baridi". Wengine hawakwambii kabisa. Miezi ikipita gari likaanza kubugia mafuta, unarudi kwake, hataji alichotoa. Anakuuzia plagi. Zikishindwa, sensa, yaani kipimaji kinachoipa kompyuta ya gari taarifa. Ikishindwa, pampu. Mwisho anakushauri uuze gari.

Gari langu ni Toyota Land Cruiser Prado ya 1998, ile ya 95, injini ya petroli ya 3RZ, cc 2,700, otomatiki. Najua si gari la kubana mafuta, kwa hiyo asije mtu kuniambia ninunue Vitz. Likiwa zima, barabara ya Iringa kwenda Mafinga linanipa kilomita 7 na ushee kwa lita, mjini linashuka kidogo. Nina daftari. Najaza mpaka bomba lijikate lenyewe, naandika kilomita, nikijaza tena kituo kilekile nagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Sisomi mshale wa tanki, maana mshale wa gari la umri huu unapanda na kushuka kufuatana na mteremko.

Daftari hilo lilinionyesha gari limeshuka mpaka kilomita 4.5 kwa lita. Pigeni hesabu. Kila kilomita 100 linaunguza karibu lita 8 zaidi ya kawaida yake. Petroli ikiwa, tuseme, shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 24,000 zinazopotea kila kilomita 100, na mimi gari hili ni la shamba na la kupeleka watoto shule.

Mambo yalianzia mlima Kitonga. Napandisha na mzigo, mshale wa joto ukapanda, nikasimama pembeni likapoa, nikafika mjini taratibu na kulipeleka gereji. Wakabadilisha mfuniko wa rejeta na hose paipu moja, nikalipa, risiti ikaandikwa vitu hivyo viwili na ufundi. Neno themostati halipo kwenye risiti wala hakuna aliyelitamka. Lakini waliitoa, na sikupewa mkononi.

Baada ya hapo ulaji ukapanda na mimi nikaanza kuzungushwa. Gereji ya kwanza walisema plagi. Zilizotolewa zilikuwa nyeusi, zina masizi makavu, na hiyo peke yake ilitosha kumwambia fundi kwamba mafuta yanaingia mengi kuliko hewa inavyohitaji. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wakafunga mpya, baada ya muda nazo zikawa nyeusi. Gereji ya pili wakasema sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi. Nikauliza, mmeipima? Jibu: "Bosi, magari haya ugonjwa wake ni huo." Sensa ile inapimwa kwa mita ya kawaida kabisa: injini ikiwa moto na sensa ni nzima, volti zinapanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9. Ni kazi ya dakika chache. Hawakupima, wakaniuzia ya mtumba kwa bei iliyonichoma, na ile ya zamani wakabaki nayo. Nikiidai naambiwa imeshatupwa. Imetupwa wapi? Nina hakika iko kwenye gari la mtu mwingine aliyeambiwa ugonjwa wake ni huohuo.

Gereji nyingine walikuja na "mashine" ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Gari hili la 1998 halina tundu la hizo mashine za kisasa. Lina kisanduku kidogo chini ya boneti, ukifungua kifuniko chake kuna matundu yameandikwa majina. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ikipepesa mbili kisha moja ni 21, sensa ya oksijeni. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyorekodiwa. Kwa mtu anayejiita fundi wa Toyota hili ni la darasa la kwanza. Yeye akahangaika na waya wa mashine, tundu halikuonekana, akatangaza kompyuta ya gari imekufa! Nikaondoka hapo nina hasira sijawahi kuwa nazo gereji.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Mafinga ambaye hana hata bango. Aliniuliza swali ambalo wote waliotangulia hawakuniuliza: asubuhi ukiwasha hita, inatoa joto? Nikamwambia inatoa hewa ya vuguvugu tu, na Mafinga mnaijua baridi yake. Akaangalia mshale wa joto, ulikuwa unasimama chini kidogo ya pale ulipozoea. Tukazunguka na gari mpaka lichangamke, akarudi, akazima, akachomoa plagi ya sensa ya joto la maji na kuweka mita. Ikasoma ukinzani wa umeme wa omu kama 600. Sensa hizi za Toyota maji yakiwa nyuzi 20 husoma omu 2,000 hadi 3,000, yakifika 80 husoma 200 hadi 400. Kwa hiyo 600 maana yake maji yako kwenye nyuzi 60 hivi, baada ya mwendo wote ule! Hakuishia hapo. Akapima kwa kipimajoto cha kuelekeza kwenye chuma karibu na sensa, ikakubaliana. Sensa ilikuwa inasema kweli, injini ndiyo ilikuwa haipati moto. Akafungua nyumba ya themostati. Ndani hamna kitu.

Sasa niwaeleze wanaosema "kwetu joto, haina kazi". Petroli ikikutana na chuma cha baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inanata kwenye kuta za njia ya hewa kama matone. Kompyuta inalijua hilo, ndiyo maana ikiambiwa maji ni baridi inaacha nozeli zinazopulizia petroli wazi muda mrefu zaidi ili injini isizime. Huo ni mpango wa dakika za mwanzo asubuhi. Ukitoa themostati, maji yanakimbia kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini haifiki joto lake la kazi la nyuzi 80 na zaidi, na ule mpango wa dakika chache unakuwa wa safari nzima. Gia boksi ya otomatiki nayo inasikiliza joto hilohilo: injini ikiwa baridi hairuhusu ovadraivu (gia ya juu ya kubana mafuta) wala konveta (kiunganishi cha injini na gia boksi) kujifunga. Ndiyo sababu asubuhi za baridi mizunguko ya injini ilikuwa inabaki juu hata kwenye tambarare. Mafuta ya ziada yasiyoungua yanapita kwenye ringi za pistoni mpaka kwenye oili. Nusa fimbo ya oili ya gari la namna hii, utasikia petroli. Oili iliyochanganyika na petroli haiilindi silinda.

Na linaloniudhi kuliko yote: kwenye injini nyingi themostati ikifunguka inaziba pia njia ya pembeni ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linakuwa baridi kwenye tambarare, halafu ukipandisha mlima na mzigo ndipo linakosa ubaridi linaouhitaji. Yaani hata lile tatizo la kuchemsha walilodai kulitibu hawakulitibu. Rejeta iliyojaa kutu kwa sababu ya miaka ya maji ya bomba badala ya kulenti inabaki vilevile.

Themostati mpya ya nyuzi 82 ilinigharimu sehemu ndogo tu ya bei ya ile sensa ya mtumba. Mzee aliitumbukiza kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni kwake, ikining'inia kwa uzi pamoja na kipimajoto, tukaona ikianza kufunguka palepale kwenye 82. Fundi anayepima hata kitu kipya kabla ya kukifunga! Kisha akainua gari na kuzungusha tairi moja moja kwa mkono, ya mbele kushoto ikawa nzito. Pini za kalipa zilikauka, pedi zilikuwa zinashika diski muda wote. Akazisafisha, akapaka grisi yake. Sidai basi kwamba themostati ndiyo ilikula lita zote 8. Breki ilikuwa na fungu lake. Sasa daftari linasoma 7 tena.

NYONGEZA kwa mliouliza:

Anayesema mafuta yamechakachuliwa: nilijaribu pia vituo tofauti, Iringa, Mafinga mpaka Makambako, na matokeo yakawa yaleyale. Ukishuku pampu, angalia stika ya Wakala wa Vipimo, uwaripoti ukiona walakini. Usianze kufungua injini kwa sababu ya pampu.

Mwenye Prado aliyebadilisha tairi kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16: hizo mpya ni kubwa kwa asilimia 3.4 hivi, na kilomita zako zinasomwa pungufu kwa kiasi hichohicho. Linganisha na GPS ya simu kabla hujapigana na fundi. Tairi kubwa linaongeza ulaji kweli, lakini sehemu ya unachokiona ni hesabu.

Mwenye taa ya O/D OFF inayowaka muda wote kwenye dashibodi: bonyeza kile kitufe cha pembeni ya gia kwanza. Kama taa inapepesa badala ya kuwaka tu, hapo gia boksi inakuambia ina tatizo.

Fundi aliyeniandikia kwamba "themostati zinakwama ndiyo maana tunatoa": zinakwama, ndiyo. Inayokwama inabadilishwa. Breki ikishika unaing'oa uache gari bila breki? Na kama dukani haipo leo na umeitoa ili mteja afike nyumbani, iandike kwenye risiti, umpe mkononi aione, umwambie arudi. Nataka uniambie hapa hapa ni magari mangapi umeyaachia hivyo bila kumwambia mwenye gari.

Mimi bado nina kazi ya rejeta. Inavuja kidogo kwenye kona ya juu na ndani ina kutu, sitaki kuimwagia dawa za kuziba. Anayemjua fundi wa rejeta kati ya Iringa na Makambako anayefungua matanki yake na kusafisha mirija mmoja mmoja, aweke hapa mtaa aliko na bei anayotoza. Na spea mbovu anirudishie.