Uliagiza gari ukiwa mbali, au uliliuza likasafirishwa? Tupeane uzoefu

HERUFI MOJA (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Anayeagiza gari kwa mara ya kwanza huwa na swali moja tu kichwani: litafika zima? Na mimi nililala na kuamka na swali hilo wiki sita. Gari likafika zima kabisa, hata mkwaruzo haukuongezeka. Kilichonitoa jasho ni herufi moja.

Nilinunua Toyota ya 2012 kwenye mnada Japani kupitia dalali. Meli ikatia nanga siku ile ile waliyosema. Wakala wa forodha akaenda kushughulikia makaratasi, baada ya saa moja akanipigia: "Bosi, jina lako kwenye BL lina L, kwenye kitambulisho lina R. Hawatoi." Nikacheka, nikadhani ni jambo la kufuta na kalamu. Kumbe BL, yaani hati ya shehena, hairekebishwi bandarini inakofikia. Aliyepakia ndiye anayeomba, kampuni ya meli ndiyo inayotoa nyingine, na hizo nakala halisi zilizokwisha kutolewa, ambazo kwa kawaida ni tatu, lazima zirudi. Huko kwao ilikuwa Ijumaa jioni, na Jumatatu ilikuwa sikukuu.

Siku za kukaa bandarini bure zikaisha, storeji ikaanza kuhesabu. Siku kumi na tisa. Kila asubuhi nikawa naamka napiga hesabu kabla ya kunawa uso.

Na kinachoniuma zaidi: rasimu ya BL nilitumiwa kabla meli haijaondoka, wakaniandikia nihakiki kila neno. Nikajibu "Sawa, asante sana" bila kufungua kiambatisho. Nilikuwa kwenye foleni ya benki.

Haya, mwageni na yenu. Walionunua, waliouza, waliopigwa, wote karibuni.

MSOMA KARATASI

Pole mkuu. Mimi mume wangu ni fundi, anashika spana, mimi nasoma karatasi. Tumeagiza magari saba mpaka sasa, na moja tu ndilo lililotutoa machozi. La pili.

Muuzaji alitutumia picha nzuri na karatasi ya mnada "iliyotafsiriwa". Daraja 4, kilomita 78,000, hakuna ajali. Tukalipa. Gari lilipofika, mume wangu alifungua boneti, akainama, akakaa kimya muda mrefu. Fremu ya mbele inayoshika rejeta ilikuwa na bolti zilizokwisha kuguswa na spana, rangi imebanduka kwenye pembe za nati. Bolti ya kiwandani haiwi hivyo. Pedali ya breki nayo mpira wake umelika mpaka chuma kinachungulia. Hiyo si pedali ya kilomita 78,000.

Baadaye nikamlipa mtu anayetafuta karatasi za minada kwa namba ya chasisi. Ikapatikana ile halisi. Daraja lilikuwa R, yaani gari lililopata ajali likatengenezwa. Kilomita 178,000. Moja ya mwanzo ilifutwa tu.

Tangu hapo sipokei tafsiri. Naomba karatasi yenyewe ya Kijapani, na ule mchoro wa gari nausoma mwenyewe kwa sababu herufi zake ni za kawaida. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi au kunyooshwa, S ni kutu, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa: A1 huioni mpaka uinamie, A3 unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Simwogopi A hata kidogo. Ninayemwogopa ni W kwenye mlango, W kwenye bati la nyuma na XX kwenye boneti, zote upande mmoja. Hapo gari linakusimulia lilikopigiwa.

Na mwaka, jamani. Ukiona 24 pale juu si 2024. Ni mwaka wa 24 wa Heisei, enzi ya mfalme wao wa Japani, yaani 2012. Kuna kaka alinitumia karatasi ana furaha kupata "gari la juzi" kwa bei ya kutupa. Nikakosa hata la kumwambia.

HERUFI MOJA

Dada, hiyo ya bolti naihifadhi.

NILIKUWA MUUZAJI

Wote mnaongea kama wanunuzi. Mimi niliuza.

Niliweka tangazo la pikapu yangu, akajitokeza mteja wa mbali sana. Hakubishana bei. Hakuuliza injini ikoje, wala mwaka, wala kama imewahi kupata ajali. Aliuliza jina langu kamili na anwani tu. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini mtu anayekubali bei yako huwa unamwona ana akili.

Ikaja hundi ya benki, kiasi kimezidi bei karibu theluthi. Akaandika: ile ziada mpe msafirishaji wangu atakayekuja kubeba gari, mtumie leo ili awahi meli. Nikaiweka hundi, kesho yake nikaona fedha kwenye salio. Nikatuma ziada. Siku ya tisa benki wakaniita: hundi ni ya kughushi, salio limerudi lilivyokuwa, na ile niliyotuma ni yangu mwenyewe, imeshakwenda.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba benki inaweza kukuonyesha fedha ya hundi kabla haijathibitika inakotoka. Kuonekana kwenye salio si kuwa yako. Pikapu angalau ilibaki. Msafirishaji hakuja, kwa sababu hakuwepo.

Siku hizi nikiuza kwa mtu wa mbali, fedha iingie kwa uhamisho wa benki, nimpigie meneja mwenyewe, ndipo niguse kadi ya gari.

DEREVA MSTAAFU

Mimi nilifanya kazi ya kuwapelekea watu magari kwa barabara. Fupi tu: ukiajiri dereva akuletee gari kutoka mbali, piga picha ya kilomita na ya mshale wa mafuta asubuhi anayoondoka, na muulize atalala wapi. Gari langu mimi mwenyewe nililonunua mkoa mwingine liliongezeka kilomita mia nne ambazo barabara haina. Dereva alikwenda harusini.

BAHARI NI YA WOTE

Nina kisa ambacho sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyekipata, labda humu.

Meli iliyobeba gari langu ilishika moto ikiwa safarini. Si gari langu, wala si ghorofa ya meli lilipoegeshwa, ni sehemu nyingine kabisa. Wakauzima, meli ikavutwa mpaka bandari ya karibu. Nikapata ujumbe kwamba gari langu halina doa. Nikashukuru, nikawaambia nyumbani tumepona.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya kurasa nne. Mwenye meli ametangaza hasara ya pamoja. Maana yake, gharama zilizotumika kuokoa meli na mizigo, kuivuta, maji yaliyoharibu magari ya watu wakati wa kuzima moto, zinagawanywa kwa kila mwenye mali iliyosalimika, kulingana na thamani ya mali yake. Ndiyo, aliyesalimika ndiye anayechangia. Ni sheria ya kale sana ya baharini, na siku hizi hupigiwa hesabu kwa kanuni zinazoitwa York-Antwerp. Na gari hulipati mpaka utoe dhamana.

Nilisaidiwa na kitu nilichokidharau. Nilipoagiza, muuzaji alinipa bei mbili: C&F, ambayo ni gari na nauli ya meli, na CIF, ambayo inaongeza bima. Tofauti ilikuwa ndogo nikachukua CIF bila kufikiri. Kampuni ya bima ikaandika dhamana, nikatia sahihi, basi. Mwenzangu aliyekuwa na gari kwenye meli hiyo hiyo alichukua C&F. Alitakiwa kuweka fedha taslimu, sehemu nzuri ya thamani ya gari, na hesabu za mwisho za mambo hayo huchukua miaka.

Msidhani moto wa meli za magari ni hadithi. Februari 2022 Felicity Ace iliungua Atlantiki karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari karibu 4,000, Machi 1 ikazama. Na 2006 meli ya Cougar Ace ililala ubavu ikiwa na Mazda 4,703. Haikuzama, magari mengi yalionekana mazima, lakini Mazda wenyewe waliamua kuyaharibu yote.

KONTENA MOJA

@BAHARI NI YA WOTE umenikumbusha. Na mimi nilikuwa na CIF, nikajiona nimekingwa kila upande. Gari likatoka melini bila redio, bila jeki, bila spea tairi, na saitimira ya kushoto imebaki waya. Meli ya RoRo hiyo, ile magari yanaingia yakiendeshwa. Funguo zinabaki ndani, na gari linapita mikono mingi kabla ya kukufikia.

Nikaenda bima na picha zangu. Wakaniambia CIF ya kawaida inamlazimu muuzaji kuweka bima ya kiwango cha chini tu: moto, kuzama, kugongana, na hiyo hasara ya pamoja. Wizi haumo. Ukitaka wizi na mikwaruzo uombe bima pana zaidi, kwa maandishi, kabla ya kulipa.

Safari ya pili nikatumia kontena, futi arobaini, tukachanga watatu magari matatu. Kontena lina raha yake, unaona lakiri haijavunjwa. Lakini ukichanga na watu unachanga na matatizo yao. Mmoja alichelewa kulipa ushuru wake, sote tukasubiri.

AKAUNTI MBILI

Mimi sitaandika mengi, bado inauma.

Tumeandikiana na muuzaji wiki tatu kwa barua pepe. Ankara ikaja, ina nembo yao na namba ya chasisi sahihi. Nusu saa baadaye ikaja nyingine kwenye mazungumzo yale yale: samahani, akaunti ya kwanza iko kwenye ukaguzi, tumia hii. Nikatumia hii. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe ya mmoja wetu anasoma kila kitu, akasubiri siku ya malipo. Anwani ya ile barua ya pili ilikuwa na rn mahali pa m. Kwenye simu huoni.

Gari ni la kweli, muuzaji ni wa kweli, fedha ndiyo haikumfikia. Benki walijaribu kuirudisha, ikakutwa imeshatolewa. Muuzaji alinihurumia kwa maneno, gari akaliuza kwa mwingine.

Kama akaunti inabadilika, piga simu. Si kwa namba iliyo kwenye ankara hiyo, kwa ile uliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza.

MSOMA KARATASI

Pole sana ndugu yangu. Hiyo ya rn nimelazimika kuisoma mara mbili hapa hapa.

FUTI MBILI ZA MAJI

Hamjataja gari la mafuriko, na ndilo lililonipata. Video ilikuwa nzuri, injini inanguruma vizuri, viti vinang'aa. Kontena lilipofunguliwa baada ya wiki tano juani, harufu ilitoka kabla ya gari. Harufu ya godoro lililolowa.

Nilivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, ule mwisho ambao hakuna mtu anauvuta. Kulikuwa na mstari wa kahawia umekatiza mkanda kama uliochorwa kwa rula. Maji yalifika hapo. Chini ya kiti, reli na skrubu zote kutu, wakati nje hakuna kutu hata chembe. Mwezi wa pili umeme ukaanza vituko, vioo vinashuka vyenyewe usiku.

Sasa nikinunua naomba video tatu: mkanda umevutwa wote, reli ya kiti kwa tochi, na injini inawashwa asubuhi ikiwa baridi, mkono wa mtu ukiwa juu ya boneti kwanza ili nione haijapashwa. Muuzaji mzuri anakutumia. Mwingine anakuambia gari lina wateja wengi.

MGENI HUMU

Nimesoma yote, asanteni. La kwangu limefika wiki hii, zima, makaratasi safi. Tatizo ni dogo lakini linanisumbua: nikiwasha gari mwanamke anaongea Kijapani. Kila nikiwasha. Redio nayo mwisho wake 90, stesheni nyingi siwezi kuzipata.

HERUFI MOJA

Hongera mkuu! Redio za Japani za miaka hiyo zinaanzia 76 na kuishia 90, tafuta fundi akufungie kibadilisha masafa, kidude kidogo kinachokaa kwenye waya wa antena. Huyo mama ni kifaa cha kulipia barabara za kasi za kwao. Anakuambia kadi haijaingizwa. Kisanduku chake huwa kimefichwa chini ya dashibodi upande wa usukani, chomoa soketi yake atanyamaza, gari halitadhurika.

Wangu sijamchomoa. Mwanangu wa miaka minne humwitikia kila asubuhi, na akichelewa kuongea ananiuliza kama leo hajaamka vizuri.