Tupeane uzoefu: Ni siku gani ulidhani umepoteza maktaba yako yote iliyo kwenye seva ya nyumbani?

Msomaji wa Usiku
Ndugu zangu, jana usiku nilikuwa nikisoma riwaya ya safari za anga, na nilipofika mahali ambapo wasafiri wanagundua kwamba kumbukumbu zote za chombo chao zimefutika, nilikiweka kitabu chini nikaenda kuhakikisha kuwa diski ya seva yangu bado inasomeka. Ilikuwa inasomeka, lakini usingizi haukurudi. Nilikumbuka siku ambayo kadi ya kumbukumbu iliyobeba mfumo endeshi wa kompyuta yangu ndogo ilikufa bila dalili yoyote. Kadi za aina hiyo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, nami nilikuwa nimeiacha ipokee taarifa za mfumo usiku na mchana. Vitabu vilipona kwa sababu vilikuwa kwenye diski ya pembeni, ila mipangilio yote niliianza upya. Ninyi wenzangu yamewakuta yapi?

Diski Kongwe
Kadi zimenifia mara mbili. Tangu hapo mfumo wangu unakaa kwenye SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka.

Mlinzi wa Rafu
Kisa changu sijawahi kukiandika popote, na nimeamua kukiandika leo kwa sababu maneno "kumbukumbu zimefutika" yamenichoma.

Nilikuwa na vitabu vya bunilizi za kisayansi nilivyovipanga kwa Calibre, programu ya kupanga vitabu vya kielektroniki, kwa muda wa miaka kumi na moja, na pembeni yake nilikuwa na mafaili ya maandishi matupu, moja kwa kila kitabu, ambamo nilikuwa nikiandika niliyoyawaza wakati wa kusoma. Kila usiku cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, ilikuwa ikiendesha rsync, programu ya kunakili mafaili, ili ipeleke kila kitu kwenye diski ya pili, nami nilikuwa nimeweka chaguo la --delete ili kitu nilichokifuta kwenye diski ya kwanza kifutike pia kwenye ya pili. Nilijiona mtu makini.

Usiku mmoja umeme ulikatika, kisha ukarudi. Seva ilijiwasha yenyewe, lakini diski ya kwanza haikupachikwa, yaani haikuunganishwa na mfumo, kwa kuwa ilikuwa imeanza kufa na mimi sikuwa na habari. Folda ambayo diski hiyo hupachikwa ilibaki pale pale, ila ilikuwa tupu. Saa ilipofika, rsync ilisoma folda tupu, ikaona kwamba kila kilichoko kwenye diski ya pili hakina mwenzake, na ikatekeleza amri niliyoipa.

Asubuhi niliona maktaba haifunguki, wala sikutaharuki, kwa sababu niliamini nakala ipo. Nilipoandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwenye diski ya pili, mshale ulirudi mstari wa chini bila kuonyesha hata jina moja. Niliandika tena, na tena, kana kwamba kosa lilikuwa la vidole vyangu. Nilikaa mbele ya skrini ile hadi chai ikapoa, na jambo nililolifikiria halikuwa vitabu, ambavyo vingi vingeweza kupatikana tena, bali yale mafaili madogo niliyoyaandika nikiwa kijana, ambayo hayakuwa na nakala mahali pengine popote duniani.

Kilichoniokoa ni GNU ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo husoma kwanza sehemu zisizoharibika za diski inayokufa, kisha ndipo inarudi kuzihangaikia sehemu mbovu. Ilifanya kazi siku nne mfululizo. Vitabu karibu vyote vilirudi. Hifadhidata ya Calibre ilikuwa imeharibika, lakini kila folda ya kitabu huwa na faili lake la OPF lenye maelezo ya kitabu hicho, kwa hiyo orodha ilijengwa upya kutokana na mafaili hayo. Katika yale maandishi yangu, thelathini na mawili hayakurudi.

Fundi Waya
Pole, lakini ukweli usemwe: rsync haina kosa. Kioo kinachoakisi kila badiliko hakiwezi kuitwa nakala rudufu, kwa kuwa hata uharibifu nao kinauakisi. Programu kama BorgBackup na restic huhifadhi hali ya kila siku, husimba data (yaani huigeuza isisomeke bila nenosiri), na hazirudii kuhifadhi sehemu zinazofanana. Ungekuwa nazo, ungerudi tu kwenye hali ya juzi.

Kurasa Zangu
Ndugu Fundi, mtu amekueleza msiba wake, nawe unamsahihishia mtihani.

Fundi Waya
Ninamheshimu, na ndiyo maana ninamwambia. Anayefuata asome kabla hayajamkuta.

Zana Nyepesi
Mimi sikubaliani na dawa yenyewe. rsync ina chaguo la --link-dest, ambalo hutengeneza folda ya kila siku huku mafaili yasiyobadilika yakichangia nafasi moja kwenye diski. Siku ya shida unafungua folda kwa zana yoyote, bila nenosiri na bila kutafuta programu maalumu. Nimewahi kumwona mtu aliyesahau nenosiri la hazina yake iliyosimbwa. Data ilikuwepo yote, na hakuweza kusoma hata herufi moja.

Fundi Waya
Na diski yako isiyosimbwa ikiibwa, mwizi atasoma yote. Andika nenosiri kwenye karatasi, ulitunze mbali na seva.

Diski Kongwe
Ninawaunga mkono wote wawili, ila diski moja ikae nje ya nyumba.

Mgeni wa Terminali
Mimi naanza tu. Je, ni salama kuifungulia maktaba yangu njia ya intaneti ili niisome nikiwa safarini?

Zana Nyepesi
Usiifungulie. Weka WireGuard, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani (VPN), ambayo imo ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, kisha uingie kupitia humo.

Kurasa Zangu
Au pakia vitabu vitatu kwenye simu kabla ya kuondoka. Mwaka 1909 E. M. Forster alichapisha hadithi iitwayo The Machine Stops, ambamo watu wanaishi chini ya ardhi wakitegemea mtambo mmoja kwa hewa, chakula na mawasiliano, na unapoharibika hakuna anayejua kuutengeneza. Niliisoma wiki ileile niliyojifunza kurejesha seva yangu kutoka sifuri, na tangu hapo ninarejesha folda moja kila mwezi ili nione kama inafunguka kweli.

Msomaji wa Usiku
Ndugu Mlinzi, yale thelathini na mawili uliyaacha?

Mlinzi wa Rafu
Hapana. Ninavisoma upya vitabu vyake kwa mpangilio uleule, na nimefika cha tisa. Ninayoyaandika sasa hayafanani na ya zamani. Kuhusu rsync, bado ninaitumia, ila kabla ya kuanza hutafuta faili dogo liitwalo "nipo" ndani ya diski ya kwanza. Isipolikuta, inasimama na kunitumia ujumbe.