Nahariri kazi za watu lakini mikato naweka kwa kubahatisha, nianzie wapi?

kalamu_butu
Wakuu habari zenu. Kazini nimegeuka kuwa ndo mtu wa kupitia ripoti za wenzangu kabla hazijaenda kwa wakubwa, sikuomba, ilitokea tu kwa sababu eti naandika vizuri. Ukweli alama za uandishi naziweka kwa sikio, nikiona sentensi ndefu natupia mkato, maisha yanaenda. Juzi nikaumbuka. Mwenzangu aliandika "Wafanyakazi ambao hawajalipwa watakutana na meneja Jumatatu", mi nikaona inakimbia nikaiweka "Wafanyakazi, ambao hawajalipwa, watakutana na meneja Jumatatu". Ikaenda hivyo hivyo. Meneja akaja juu anauliza nani kasema wafanyakazi wote hawajalipwa, kumbe wasiolipwa ni watu wanne tu. Mwenye ripoti akanigeukia, "kwani ile mikato uliiweka ya nini?" na sikuwa na jibu. Sasa mtu mzima anajifunzaje hizi kanuni, maana kila kitabu cha sarufi nikifungua nakuta orodha ya alama na mfano mmoja wa "Baba amekuja." basi

nuktapacha
Pole sana ndugu, ila umejipatia somo zuri kuliko la kitabuni. Bila mikato, "ambao hawajalipwa" inachagua ni wafanyakazi wepi. Ukiizungushia mikato inakuwa maelezo ya pembeni, yaani wote hawajalipwa na unatukumbusha tu.

Shida ilianzia shule. Tulikaririshwa kwamba mkato ni pa kupumulia, na jina lake lingine ni kipumuo, sasa mwenye pumzi fupi si atajaza mikato ukurasa mzima? Ndo maana unakutana na "Wanafunzi wote waliofanya mtihani wa mwisho, wamefaulu". Huo mkato umemkata mtenda na kitenzi chake, hauna kazi pale hata kama ukisoma kwa sauti unapumua. Na ugonjwa mwingine ni "Alisema kwamba, hatakuja". Kwamba inaunganisha, wewe unaikata ya nini? Mkato unakaa ukiwa unanukuu maneno yenyewe: Alisema, "Sitakuja."

Usijifunze alama zote kwa mpigo. Chukua mkato peke yake mwezi mzima, huo ndo wenye makosa mengi, nukta haimsumbui mtu.

msomataratibu
Mkuu hapo juu nakubaliana nusu. Pumzi sio uongo, ndo asili yenyewe. Aristophanes wa Byzantium, yule mkutubi wa Alexandria, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita alikuwa anaweka vitone chini, katikati na juu ya mstari kumwonyesha msomaji atue kidogo au sana, kwa sababu watu walikuwa wanasoma kwa sauti. Tatizo sisi tunasoma kimya, jicho linataka kujua nini kimeshikana na nini. Kwa hiyo soma kwa sauti upate pa kushuku, halafu uamue kwa maana.

Na kwa Kiswahili kuna alama moja watu wanaidharau, kiulizi. Lugha nyingine zinapindua maneno ukiuliza, sisi hatupindui. "Mkataba umesainiwa" na "Mkataba umesainiwa?" ni maneno yale yale, kwenye mazungumzo sauti ndo inatofautisha, kwenye maandishi ni hiyo alama tu au uweke "Je" mbele. Nimewahi kutumiwa "mzigo umefika" bila alama nikajua naarifiwa, kumbe naulizwa, tukakaa siku nzima kila mtu anamsubiri mwenzake.

jicho_la_pili
Kwenye kuhariri naongeza moja. Ukikuta sentensi inasomeka njia mbili usiweke mkato kwa kukisia, muulize mwenyewe. "Mjomba Juma kafika" ni mjomba anayeitwa Juma. "Mjomba, Juma kafika" ni mjomba anaambiwa. Wewe utajuaje alitaka ipi? Mi naandika pembeni "unamaanisha hivi au vile?" namwachia. Na alama nazipitia mwisho kabisa, ukianza nazo utasafisha aya ambayo baadaye inafutwa yote.

Pia jiwekee sheria kwamba kila alama unayoongeza kwenye kazi ya mtu uweze kuitetea kwa sentensi moja. Ukishindwa itoe. Wiki mbili za kwanza utatoa nyingi!!

ritifaa
Msisahau ng' jamani. Ng'oa ni kung'oa, ngoa ni wivu, na simu zinaila hiyo ritifaa, yaani hiyo alama ya juu baada ya ng, kila siku

kalamu_butu
Nashukuruni wakuu, hiyo ya kutetea kwa sentensi moja imenikaa. Nimeuliza kompyuta initafutie "kwamba," kwenye ripoti zote nilizopitia mwaka huu, zimetoka kumi na nne. Nikafungua matoleo ya mwanzo kabla sijazigusa, tisa hazikuwepo, niliziweka mimi.