Mjadala: Je, fedha za umma za Uganda zigharamie utafiti wa kulenga mwanga ndani kabisa ya mwili?

Mwalimu wa Fizikia, Jinja:
Vijana wetu wa vyuo vikuu wanaoomba fedha za utafiti huu huambiwa wasubiri, nami naona si haki. Mwanga mwekundu haumezwi sana na nyama ya mwili; kinachouzuia ni kutawanyika, kwa kuwa seli huupinda mara nyingi mno hata, baada ya milimita moja hivi, mwali hupoteza mwelekeo wake. Mwaka 2007 watafiti Vellekoop na Mosk, katika Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi, waliugawa mwali wa leza vipande vingi, wakachelewesha kila kipande kwa kiasi chake ili vyote vifike vikiwa vimepatana, na nyuma ya tabaka lisilopenyeka kwa macho wakapata nukta iliyong'aa takriban mara elfu moja kuliko awali. Iko siku njia hiyo itafikisha mwanga kwenye uvimbe bila kisu.

Muuguzi, Gulu:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hayo maneno "bila kisu" yameniuma. Mwaka 2016 mashine pekee ya tibamionzi (ya kutibu saratani kwa mionzi) nchini iliharibika pale Hospitali ya Mulago, Kampala, na wagonjwa wa saratani wakaachwa wakihangaika. Nchi iliyopitia hayo na inunue kwanza mashine za akiba. Isitoshe, hata vifaa vya mwanga tulivyo navyo havikupimwa ipasavyo kwa ngozi zetu: kipima oksijeni cha kidoleni, kinachopima kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, huweza kuonyesha kiwango kizuri kwa mgonjwa mweusi anayezidiwa.

Mzazi, Mbale:
Dada, maneno hayo ni ya hatari. Kifaa hicho ndicho kilichomfanya daktari amwekee mwanangu oksijeni alipougua nimonia. Mama akisoma ulichoandika atakikataa wodini, na lawama itakuwa ya nani?

Muuguzi, Gulu:
Sikusema kitupwe, ndugu yangu, wala usinitwike maneno ambayo sikuyatamka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuugundua uliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko wazungu. Ndiyo maana mimi humtazama mgonjwa anavyopumua, siitazami namba peke yake.

Mwanafunzi wa Uzamili, Mbarara:
Hapa mambo mawili yamechanganywa. Melanini, yaani rangi inayoipa ngozi weusi wake, imo katika tabaka jembamba la juu la ngozi, na kazi yake ni kumeza mwanga. Nyama iliyo chini huutawanya. Mwanga uliotawanyika unaweza kupangwa upya, kama walivyoonyesha watafiti wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2008 walipourudisha kinyumenyume kupitia kipande cha nyama ya kuku, lakini uliomezwa haurudi. Kwa hiyo ngozi nyeusi haivunji mbinu hii, ila huipunguzia mwanga. Kikwazo kikubwa zaidi ni damu: inapotiririka hubadilisha njia za mwanga ndani ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) chache, na mtambo usipokamilisha hesabu zake kwa kasi hiyo, nukta ile ya mwanga hupotea.

Mzee wa Fort Portal:
Kijana, elimu yako ni nzuri, lakini umemjibu muuguzi kana kwamba hajawahi kukesha na mgonjwa. Yeye ameuliza ni nani alipimwa kabla kifaa hakijauzwa, nawe ukamjibu kwa nyama ya kuku.

Mwanafunzi wa Uzamili, Mbarara:
Mzee wangu, swali lake ndilo hoja yangu. Mwanga unaopungua kwenye ngozi hauwezi kufidiwa kwa kuongeza tu nguvu ya leza, kwa sababu melanini huugeuza joto na ngozi ikaungua. Viwango salama vya ngozi kama yetu vinapaswa kupimwa kwenye ngozi hiyo, na tukisubiri wengine watupimie, yatatupata yale yale ya kipima oksijeni.

Muuguzi, Gulu:
Hapo nakubaliana nawe, lakini tuanze na kilichopo wodini leo. Wizara ya Afya inapotangaza zabuni ya vipima oksijeni, imdai muuzaji matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watu weusi, na asiyekuwa nayo asipewe zabuni.